Siku Niliyoshika Kamba ya Bembea

Felista mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako na kwa majirani, nami najua hutarudi upesi kwa sababu kila nyumba itakulazimisha ule. Jua bado lipo. Nimekaa hapa mlangoni na kalamu yako ya shule nikuandikie, maana nikijaribu kusema kwa mdomo nitafoka. Unanijua. Nikiona haya nafoka, nikiwa na huzuni nafoka, na hata nikifurahi majirani hudhani nagombana na mtu.

Mambo ya sanduku na blanketi siyagusi. Shangazi yako amekuambia hayo mpaka umechoka, na habari za kuwa macho ndani ya treni umezisikia kwa kila mwenye mdomo hapa kijijini, wakiwemo ambao hawajawahi hata kuiona treni. Mimi nataka kukuambia habari za bembea.

Najua hapo umeacha kusoma kidogo. Endelea, mama. Hayo mengine yote yaache, hili lisome.

Kesho lori litakufikisha Itigi, treni itakuchukua kutoka hapo, na utaingia chuo cha uuguzi. Ukimaliza utawekwa kwenye zahanati fulani nisiyoijua, utakaa mlangoni, na mbele yako itakuwa foleni. Kina mama na watoto, wazee na fimbo zao, vijana wenye haraka. Watakutazama wewe. Baba yako naye alitazamwa hivyo, siku moja tu maishani, na siku ile haijanitoka. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na mengine hukuyaona wala hukuambiwa.

Tulikuwa tumehamia hapa mwaka mmoja tu kabla ya siku ile. Nasema tulihamia, ila mama yako siku zote alisema tulihamishwa. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Wapo walioletwa wakilia, vitanda vimetupwa juu ya lori na mapaa yao yanawaka moto nyuma. Mimi nilikuja nikiimba. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nilikuwa kijana, nilikuwa nimeambiwa kwamba tukikaa pamoja tutapata shule, zahanati na bomba la maji, na niliamini. Shule ilikuja kweli. Ndiyo inayokuondoa leo, kwa hiyo sitasema ilikuwa bure, na atakayesema ilikuwa bure nitagombana naye.

Lakini kule ukingoni mwa msitu, tulikokuwa tunafuga nyuki, tulimwacha kaka yako Daudi. Hukumkuta. Alikufa akiwa anaanza kutembea, tukamzika chini ya mkwaju nyuma ya nyumba. Mama yako aliendelea kuitwa Mama Daudi hata baada ya wewe kuzaliwa, nami Baba Daudi, kwa hiyo kila aliyemwamkia asubuhi alimtajia jina la mtoto aliyeko kule. Na kule hakuendeki. Ilikuwa amri. Aliyeonekana amerudi kwenye mahame yake aliitwa mbele ya kamati, na mjumbe mmoja wa kamati hiyo alikuwa mimi.

Wewe umekulia ndani ya vichaka hivi, kwa hiyo huenda hujui vinavyomfanya mtu aliyezoea kuona mbali. Ukisimama chini unaona kiwanja chako, njia, na ukuta wa miiba. Basi. Mahame yetu hayakuwa mbali sana, lakini kwetu yalikuwa kama yako Ulaya.

Sasa kwenye Sabasaba ya mwaka ule akaja mtu mmoja anaitwa Mzee Shomari, mtu wa Tabora, na bembea yake. Alikuwa anazunguka nayo kwenye sikukuu katika miji ya relini, na wakubwa walimwambia ailete na huku vijiji vipya, watu wachangamke. Unaikumbuka? Gurudumu kubwa la mbao na chuma limesimama wima, masanduku manne ya kukalia yananing'inia, na vijana wawili wenye mikono kama mihimili wanalizungusha kwa nguvu zao. Ilikuwa ya watoto. Siku ya kwanza mlipanda watoto, mkapiga kelele, mmoja akatapika, ikawa furaha.

Ila jioni mtoto wa jirani yetu akashuka mbio akimwita bibi yake. "Bibi, nimeuona mnazi wako! Ule wa kule nyumbani!" Unajua mnazi ule, wa yule bibi aliyeletewa nazi kutoka pwani akaipanda watu wakamcheka. Bembea ilipofika juu kabisa, sanduku lilikuwa juu ya vichaka. Kutoka pale mtu aliona mpaka kwao.

Habari ile haikulala. Asubuhi nilipofika uwanjani nikakuta foleni, na foleni yenyewe haina mtu hata mmoja. Ni mawe. Mawe na ndoo na kata kuukuu, vimepangwa kuzunguka uwanja kama tunavyopanga pale bombani kushika nafasi, na wenyewe wako majumbani wanakunywa uji. Baadaye wakaja, na si watoto. Wakaja wazee. Wakaja akina mama waliojifunga khanga za sikukuu. Ugomvi ukaanza pale pale, huyu jiwe langu lilikuwa mbele, yule nani kasogeza ndoo yangu, mpaka mwenyekiti wa kijiji akaniita. "Balozi, wewe una sauti. Shika foleni hii kabla watu hawajaumizana."

Sijawahi kufurahi kupewa kazi kama siku ile. Na Mzee Shomari alinifundisha kazi yenyewe, maana alikuwa ameizeekea.

Alichukua kamba akaikunja kwenye vigingi, ikaenda huku, ikageuka, ikarudi, kama utumbo wa mbuzi. "Mtu akisimama humu anajiona anatembea," akasema. "Na haoni mkia wa foleni uko wapi. Akiuona atakata tamaa." Pale foleni ilipokwenda polepole kuliko pengine pote akamweka mpiga zeze, watu wakawa wanasikiliza na kusahau miguu yao. Sanduku moja ni la watu wawili. Wakija watatu wa nyumba moja, nafasi moja inabaki tupu, kwa hiyo pembeni aliweka mstari mdogo wa watu wasio na wenzao, nami nikawa nachomoa mmoja mmoja kuziba pengo. Ilibidi pia nipime kwa macho, mnene akae na mwembamba, na masanduku yanayoelekeana yasipishane uzito, la sivyo wale vijana wawili wangekatika mikono. Akanifundisha hata kusema uongo. "Wakikuuliza bado muda gani, waambie mpaka jua lifike utosini. Wakifika kabla, watakushukuru kana kwamba umewapa kitu."

Na kulikuwa na vizibo. Vizibo vya chupa za soda, vimetobolewa kwa msumari. Hivyo ni vya wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga. Unampa kizibo, anakwenda kukaa kivulini, na zamu yake ikifika unamwita anapita mbele bila kusimama. Alinipa vizibo vya kujaa kiganja, nikavitia mfukoni. Mimi mwenyewe nikaongeza sheria moja. Nikayatupa mawe yote. "Jiwe halina macho ya kuangalia mahame!" nikapaza sauti. "Anayetaka kupanda asimame mwenyewe. Hakuna kushikiana nafasi, si kwa ndoo, si kwa mtoto. Ukitoka kwenye kamba, unaanza upya mwisho." Watu wakacheka, wakakubali.

Walipanda, Felista. Wazee ambao hata baiskeli hawajawahi kuikalia walipanda kwenye kile kitu, wamefumba macho, na kikifika juu wanayafumbua. Hapakuwa na kelele tena kama za jana. Mzee mmoja, Mzee Njiku, aliposhuka alisimama mbele yangu akaniambia, "Paa la nyumba limebomoka, lakini zizi lipo." Akaenda zake. Mwanamke mmoja aligoma kushuka, tukamshusha watu wawili.

Kabla ya adhuhuri shemeji yake mwenyekiti akaja na redio kwapani, akainua kamba akapita kati ya watu kana kwamba anaingia chumbani kwake. Nikamshika mkono nikamtoa. "Ndugu, mkia uko kule." Akaniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamwambia namjua sana, ndiyo maana nimemwita ndugu. Foleni nzima ikapiga makofi. Ee mwanangu, nilivimba! Kama kungekuwa na kioo pale uwanjani ningekwenda kujitazama.

Nikiwa katika hali hiyo mama yako akanikuta.

Asubuhi, kabla sijatoka, alikuwa ameniambia. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu baada ya mavuno, unaikumbuka, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Alikuwa ameketi kitandani anaitazama.

"Baba Daudi, leo nataka kupanda ile bembea."

"Wewe? Na miguu hiyo?"

"Kwani inapandwa kwa miguu? Nimeuliza, mtu anakaa tu."

"Basi njoo upange foleni."

"Nitapanga. Nakuambia tu, ili ujue nakwenda kuangalia nini."

Nikasema najua, nikachukua kofia yangu nikatoka. Na nilijua kweli. Sitajidanganya hapa kwamba sikujua.

Akaja nawe, amekushika begani kama fimbo. Akaingia kwenye foleni mwisho kama watu wote, na nilipopita hakunisemesha, alitabasamu tu, kwa sababu siku zote alipenda kunicheka nikiwa kazini. Mkasogea, mkasogea. Mlipofika karibu na mpiga zeze miguu ikamshinda, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ghala, akakuacha wewe. Nikaja nakagua, nikakukuta umeshika kamba kwa mikono miwili.

"Unafanya nini hapa?"

"Namshikia mama."

Mtu mmoja nyuma yako akasema kwa sauti, ili asikike. "Balozi, mawe yetu umeyatupa. Na hili jiwe lako, je?"

Wakacheka wote. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, Felista. Kilikuwa utani tu wa watu waliochoka kusimama, ningecheka nao, ningetoa kizibo mfukoni na kusema huyu ni mgonjwa, mnamjua, na nani angebisha? Nimewaza jambo hili miaka yote hii na sijapata hata mmoja ambaye angebisha. Lakini nilikuwa nimetoka kupigiwa makofi. Nikakubeba nikakutoa nje ya kamba, mbele ya watu wote, nikakuweka chini. Hukulia. Ulinitazama kwa mshangao tu.

Mama yako akanyanyuka kule kivulini akaja. "Nimekaa kidogo tu, Baba Daudi. Nakuomba."

"Rudi nyuma, kama wenzako."

Mzee Njiku, ambaye alikuwa bado yuko hapo anazungukazunguka, akasema, "Mpitishe bwana, si unaona miguu yake?" Nikamfokea mzee wa watu, mtu wa kumpa shikamoo, nikamwambia aende nyumbani kwake, yeye si amekwisha panda? Mama yako akakushika mkono mkaenda mwisho. Nilipotembea nilivisikia vile vizibo vikigongana mfukoni.

Alisimama tena. Alikaa chini na kusimama, alikaa na kusimama, safari hii bila kutoka nje ya kamba. Wanaomtangulia walipungua. Jua lilipozama, mbele yake walikuwa wamebaki watu wachache, ungeweza kuwaita kwa majina. Mzee Shomari alikuwa na utaratibu wake kwamba giza likiingia bembea inasimama, kwa sababu hakuna taa na mtu anaweza kuanguka. Lakini alimwona mama yako, akanijia.

"Balozi, nizungushe mara moja zaidi? Mama watoto aone, bado kuna mwanga kidogo."

Wa nyuma wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema ikizunguka tena basi tunapanda wote. Nami nikasema, "Kesho. Kesho atakuwa wa kwanza kabisa." Nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie jinsi nilivyo mtu wa haki.

Nyumbani alitia miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Nilitaka anigombeze. Alipokuwa na hasira kweli aliacha Kiswahili akarudi kwenye Kinyaturu cha kwao Ikungi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa Kinyaturu. Hakikuja.

"Leo umewapeleka watu wote kwao," akasema, "isipokuwa mimi."

Kisha akacheka, mama yako yule, akasema, "Haya, lakini nikifa usije ukaniweka mwisho wa mstari." Nikamfokea aache maneno hayo, kesho anapanda wa kwanza, nimekwisha sema.

Hili ndilo usilolijua. Asubuhi kulikuwa na mashimo tu ya nguzo za bembea uwanjani. Habari zilikuwa zimefika kwa wakubwa kwamba watu wanapanda juu wanalia, kwamba kuna nyumba mbili zimeanza kufunga mizigo, kwamba bembea inarudisha watu nyuma. Usiku ule ule ikafunguliwa na kupakiwa. Mwenyekiti alinieleza alfajiri, nami nikaitikia kwa kichwa kama balozi mzuri. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama yako amekwisha oga, amevaa khanga yake mpya, ameketi kwenye kigoda hapa hapa nilipoketi sasa, anangoja nimsindikize.

Nikamwambia. Akasema, "Haya." Akaingia ndani, akaivua ile khanga, akaikunja, akairudisha kwenye sanduku.

Alikufa kabla mvua hazijaanza. Na hapa kwetu, unajua, nyumba tulizipanga mstari, na makaburi nayo tukayapanga mstari, anayekuja anafuata aliyetangulia. Sikumwombea mahali pengine. Nilimzika mwisho wa mstari, mwanangu. Alikuwa amenitania, na mimi nikaenda nikafanya vile vile, kwa sababu ndio uliokuwa utaratibu.

Siku ile ya maziko mwenyekiti alisimama akasema. Akasema kijiji kina bahati ya kuwa na kiongozi ambaye hata mkewe mgonjwa hakumpendelea, alimrudisha nyuma kama mwananchi yeyote, na huo ndio mfano. Watu wakaitikia. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayepewa cheti. Mkono wako ulikuwa ndani ya mkono wangu. Uliutoa.

Tangu siku hiyo hujawahi kuniomba kitu. Mwanzoni nilidhani ni utulivu wako, nikajisifu kwa watu kwamba nina mtoto asiyesumbua. Viatu vilikubana mpaka shangazi yako alipoona vidonda. Uliugua homa ukiwa darasa la nne, ukatoka shuleni peke yako ukaenda zahanati, na mimi nilikuwa ndani pale pale na kamati, nasikia sauti za watu nje. Ulisimama mwisho mpaka ukaanguka. Nilipokubeba nikakuuliza kwa nini hukuniita, ukasema, "Foleni ilikuwa ndefu, baba." Ulisema bila ubaya wowote. Ungenitukana ingekuwa nafuu.

Hofu yangu ni hiyo basi. Naogopa utakuwa muuguzi kama nilivyokuwa mimi mshika kamba, au utakuwa mtu asiyemwomba yeyote kitu mpaka aanguke. Vyote viwili umevipata kwangu.

Miaka michache baadaye, watu walipoacha kuulizana sana, nilikwenda kule mahame. Sikukuambia. Nilitaka kusafisha kaburi la kaka yako nimwambie habari za mama yake. Vichaka vimefunga. Nilizunguka tangu asubuhi, nikapita pengine juu ya jiko letu wenyewe nisijue, miiba imenichana shati na mikono, na mkwaju sikuuona. Kutoka chini hauonekani. Nikakaa chini nikalia kama mtoto, kisha nikaanza kufoka, peke yangu, msituni, nikimfokea sijui nani. Siku ile ndipo nilipoelewa mama yako alikuwa ananiomba nini.

Sasa nikuambie nini kuhusu foleni? Sitakuambia uitupe. Ningemwacha yule wa redio apite ningekuwa mtu wa ovyo, na bado naona nilifanya vizuri kumtoa. Nimejiuliza pia, ningempitisha mke wangu, wa pili ningemkatalia kwa mdomo gani? Ninachojua ni kwamba nilikuwa na vizibo mfukoni na nilikuwa na macho. Niliangalia nani ametangulia, sikuangalia nani anasimama kwa shida. Na huyo wa shida akiwa ni mtu wako, jina lako lisikuzuie kumwona. Mimi nililinda jina. Jina lipo mpaka leo, watu bado wananisifu nalo, na nyumba yangu kuanzia kesho haina mtu.

Watu watakucheka wakati mwingine. Watasema unapendelea. Sema ndiyo, huyu anaumwa, halafu uendelee na kazi. Kicheko chao hakifiki hata nyumbani, nimekuja kugundua. Waliocheka siku ile nimewauliza, hakuna anayekumbuka.

Na ukifika huko, andika uniombe kitu. Usiulize kama ninacho. Omba sabuni, omba asali, omba nije kukuona na unajua ninavyoichukia treni. Omba tu. Nitafoka, halafu nitaleta.

Nasikia sauti yako kule kwa jirani, unacheka, nadhani wamekuongezea ugali. Niseme la mwisho kabla hujafika.

Mchana huu nilikwenda kwa dereva wa lori. Kiti cha mbele, kando yake, kilikuwa kimekwisha ombwa na mwalimu kwa ajili ya mkewe, tena zamani. Wengine wote ni juu ya magunia, na njia ya Itigi unaijua. Nikamwambia dereva nakitaka kiti hicho. Akaniambia, "Balozi, si wewe unayetuhubiria zamu kila siku?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Nikamwambia ni cha mwanangu. Nilimbembeleza, Felista, nikiwa nimeshika kofia mkononi, na watu wanasikia, na mwalimu mwenyewe yuko pale. Akakubali.

Kwa hiyo kesho utakuta mtu amenuna. Wapo watakaosema balozi leo amepitisha wake, na watakuwa wanasema kweli. Nitakuwa nimesimama pale pale nikisemwa. Nakujua, utataka kurudi nyuma ukakae mwisho. Usirudi. Mlango ukifunguliwa usimtazame mtu yeyote, wala usiulize nani alitangulia.

Panda, mwanangu.

Baba yako, na baba yake Daudi